Kwa unayeanza kutuni piano: mkono kwanza, sikio litafuata

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii wana wasiwasi na masikio yao. Sikio huzoea upesi, tena karibu lenyewe. Kinachochelewa ni mkono, na hiyo ndiyo sababu piano inatuniwa vizuri leo, halafu baada ya ibada moja au tamasha moja imeshapotea.

Uzi wa chuma umezungushwa kwenye pini, na pini imekazwa ndani ya mbao ngumu iliyogandishwa tabaka kwa tabaka. Ukivuta spana inayozungusha pini, sehemu ya juu ya pini hutangulia kwa kujipinda kabla sehemu iliyomo ndani ya mbao haijageuka. Sauti inapanda, unafurahi, unatoa spana. Pini inajinyoosha na sauti inashuka. Kwa hiyo pandisha uzi upite kidogo pale unapotaka, kisha urudishe taratibu mpaka uhisi pini imetulia. Muda wote huo piga kibonye kwa nguvu, maana uzi hupita juu ya vizuizi kadhaa kabla ya kufika sehemu inayolia, na mvuto usiposawazishwa sasa utajisawazisha baadaye, wewe ukiwa umeshaondoka. Kwenye piano ya kusimama, shika spana mpini ukielekea juu, karibu sambamba na nyuzi, usije ukaikunja pini badala ya kuizungusha.

Zoezi la kwanza liwe nyuzi za noti moja. Noti nyingi za katikati na juu zina nyuzi tatu. Zima mbili kwa kabari za mpira, tuni moja, kisha fungulia ya pili na uilinganishe na ya kwanza. Utasikia sauti ikiyumba kama mawimbi. Kadiri unavyokaribia, mawimbi yanapungua kasi, mwishowe noti inatulia. Kaa na zoezi hili kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa jingine lolote. Mimi naona piano yenye nyuzi safi ndani ya kila noti, hata kama mpangilio wake wa noti una kasoro ndogo, huvumilika kuliko ile iliyopangwa kwa hesabu kamili lakini kila noti inayumba.

Mpangilio wenyewe, yaani kugawa umbali kati ya noti na noti, huanzia A ya Hz 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Ukipanda kwa kwinti (umbali wa nusu-toni 7) 12 safi kabisa utazipita oktava 7 kwa senti 23 na nusu hivi (nusu-toni moja, yaani kutoka kibonye kimoja hadi kinachokifuata, ina senti 100), ndiyo maana kila kwinti hupunguzwa karibu senti 2. Tatu kubwa (umbali wa nusu-toni 4) nazo hubaki pana: F na A zilizo chini ya C ya kati hutoa mawimbi 7 hivi kwa sekunde, na kila ukipanda hatua moja kasi iongezeke bila kuruka. Programu ya simu inasaidia, ila isiwe ya gitaa. Uzi wa piano ni mgumu, sauti zake za ndani (zile nyembamba zinazolia pamoja na sauti kuu) ziko juu kuliko hesabu inavyotaka, kwa hiyo oktava hutanuliwa kidogo. Programu isiyolijua hilo itaziacha noti za juu zikisikika chini.

Ukikuta piano imeshuka sana, usijaribu kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Nyuzi zote pamoja huvuta kwa takriban tani 18 hadi 20, na ukikaza upande mmoja, ubao wa sauti unabonyea na zile ulizotuni mwanzo zinashuka. Pitia mara ya kwanza haraka, ukizidisha kidogo, ndipo utuni kwa makini. Nyuzi zenye kutu zilegeze kwanza kidogo kabla ya kuzikaza, na mwambie mwenye piano mapema kwamba zinaweza kukatika.

Kibonye kikinata, tafuta kwanza sarafu au penseli iliyodumbukia. Ikiwa hakuna, inua nyundo inayogonga nyuzi kwa kidole uiachie. Ikirudi kwa uzito, tatizo liko kwenye kiungo chake. Ikirudi upesi, angalia kibonye chenyewe, kwa kuwa felti iliyovimba kwa unyevu huibana pini inayokiongoza. Mafuta ya kulainisha usiyakaribishe kabisa. Yatavimbisha mbao na felti, yatashika vumbi, na yakifika kwenye mbao ya pini, pini hazitashika tena.

Na siku utakapotoa mtambo (vibonye pamoja na nyundo zake) wa piano ya kulala, uvute polepole bila kidole chochote kugusa vibonye. Nyundo ikiinuka wakati huo itagonga ukingo wa mbao ya pini na kuvunjika shingo.