Moduli Iliyonyamaza Haijafa: kwa vijana wanaoanza umeme wa magari

Ukichomeka skana ukakuta kodi, yaani alama za hitilafu, saba au nane, zote zinaanza na herufi U, usimtajie mwenye gari habari ya kununua moduli, yaani kompyuta ya gari. Nawaomba hilo kabla ya jingine lolote, nyinyi mnaoanza kazi hii hapa Mombasa, kwa sababu mimi niliwahi kulitaja mapema na mtu akalipa.

Alikuwa dereva wa teksi. Vioo vilikuwa havishuki, milango haiitiki rimoti, indiketa zawaka zikitaka. Skana ikaandika U0140, nami nikasoma neno BCM, yaani moduli ya bodi, nikaihukumu. Akatafuta ya mtumba, nikaifunga, ikaukataa ufunguo. Magari mengi huunganisha imobilaiza, kizuizi cha wizi kinachotambua ufunguo, na moduli hiyo, na moduli ngeni haikubali mpaka ifundishwe gari. Siku nne kazi yake ikalala. Mwisho nikafunua kapeti upande wa abiria nikakuta waya wa eathi umeliwa na kutu ya kijani mpaka umebaki unyuzi. Nikausafisha, nikarudisha moduli yake ya zamani, gari likaitika. Zile pesa sikuweza kumrudishia zote, na bado zinaniuma.

Kosa langu lilikuwa katika kusoma. U0140 huandikwa na moduli nyingine, zikilalamika kwamba hazimsikii BCM. Mwenzao amekosekana kikaoni, lakini kodi haisemi kama ni mgonjwa, amekatiwa umeme au njia ya kuja imekatika. Kwa hiyo chukua karatasi, andika safu mbili: moduli zinazojibu skana na zisizojibu. Aliyenyamaza akiwa mmoja, nenda kwake: fyuzi, umeme wake, eathi yake, tawi la nyaya zake. Likinyamaza kundi, tafuta kiungio wanachotumia pamoja. Wakinyamaza wote, mtandao wenyewe, yaani nyaya ambazo moduli huzungumzia, una shida, au soketi ya skana haina umeme. Pini 16 ndiyo chanya, 4 na 5 ni eathi. Zipime kwanza, ni kazi ya dakika moja.

Na kabla ya hapo, betri. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikiwa wakati wa kupiga stata inaporomoka chini ya 9.6 hivi, moduli huzimika na kuwaka, na kila mmoja anaandika kwamba mwenzake amepotea. Nimeona gari lenye kodi kumi na moja likapona kwa betri tu.

Sasa mtandao wenyewe. CAN, ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986, ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba ya makumbi. Zikitulia, zote mbili hukaa kwenye volti 2.5. Moduli inaposema, mmoja hupanda hadi 3.5 na mwingine hushuka hadi 1.5, na wasikilizaji husoma tofauti kati yao. Kelele za umeme zikiingia, huingia kwa nyaya zote mbili sawasawa, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Ndiyo sababu ya kusokotwa. Ukiona fundi amenyoosha nyaya hizo shibiri nzima ili kuunganisha kitu, ujue ameifungulia kelele mlango.

Kwenye kila mwisho wa mtandao huo wa kasi kuna rezista, yaani kipingamizi cha umeme, ya ohm 120. Mbili zikikaa sambamba unapata 60. Toa betri, ngoja dakika chache, pima pini 6 na 14 za soketi ya skana. Ukipata 120, rezista moja imepotea au laini imekatika. Ukipata karibu sifuri, nyaya zimegusana. Chomoa moduli moja moja huku ukitazama mita, mpaka usomaji ubadilike. Lakini msidanganywe na 60 nzuri. Tawi fupi linaloingia moduli moja likikatika, shina hubaki zima na mita itakusifu. Tena, kwenye magari mengi ya karibuni pini hizo huishia kwenye geti, yaani moduli inayotenganisha mitandao, kwa hiyo unapima upande mmoja tu wa nyumba. Mtandao wa bodi uupime kwenye plagi ya BCM yenyewe, ukiwa na mchoro wa gari hilo mkononi. Kuna na CAN ya kasi ndogo inayovumilia hitilafu. Hiyo haitoi 60 na wala haina kosa. Vioo, swichi na wipa mara nyingi hutumia LIN, waya mmoja wa volti 12, na kutafuta ohm 60 hapo ni kupoteza asubuhi.

Betri ikirudishwa na ufunguo ukiwashwa, pima kila pini na eathi: 6 hukaa juu kidogo ya 2.5, 14 chini kidogo. Jumla yake huwa karibu 5. Jumla ikienda mbali na hapo, kuna waya unaoegemea mahali.

Mji wetu nao una ugonjwa wake. Hewa ni ya chumvi na joto halitupi nafasi ya kuzima kiyoyozi, basi mpira unaotoa maji yake ukiziba, maji humwagika ndani, miguuni pa abiria, na kwenye magari mengi tunayopokea kutoka Japani huko ndiko plagi na nyaya za bodi hupita. Kapeti ikinuka ukungu, anzia hapo kabla ya skana. Masika yakija, waulizeni wateja kama gari lilipita kwenye maji. Kisha tazameni vifaa vilivyofungwa baadaye: alamu, traka. Mara nyingi waya umechunwa na kuviringwa kwa tepu tu, na baada ya miezi chumvi imekwishaingia.

Ukitengeneza, kata sehemu iliyooza mpaka uone shaba inayong'aa, lehemu, funika kwa mpira unaonywea kwa joto, kisha sokota tena karibu kabisa na kiungio. Zibua na ule mpira wa kiyoyozi, la sivyo atarudi mwezi ujao.

Nikimaliza hufuta kodi zote, nazima gari, nangoja moduli zilale, halafu nawasha na kutikisa kila plagi niliyoigusa huku skana ikisoma. Ikitokea U moja tu, gari linalala gerejini.