Okidi yangu imenywea, niipe dawa gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina okidi ya maua ya zambarau niliyoletewa zawadi kutoka Dar. Ilikaa na maua kama miezi miwili, yakapukutika, kisha majani yakaanza kulegea na kufanya makunyanzi. Fundi wa bustani akaihamishia kwenye chungu kikubwa chenye udongo mweusi na samadi, akasema nimwagilie kila asubuhi. Ndiyo kwanza inazidi kudhoofu. Kuna kijana anapita na chupa za dawa ya kufufua okidi, wengine wananishauri maji ya kitunguu saumu, wengine maji ya mchele na sukari. Ipi inafaa? Naiweka kwenye kona ya sebule. Mama J., Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Hakuna inayofaa, mama. Na hiyo samadi iliyomo itoe leo hii.

Maua kupukutika baada ya miezi miwili si ugonjwa, ni muda wake ulikuwa umekwisha. Majani yalianza kulegea kabla ya ule udongo, lakini udongo ndio uliozidisha ugonjwa. Hili nakutana nalo kila mara na bado linanikera: mtu akiona jani limelegea anasema mmea una kiu, akiona umedhoofu anasema una njaa. Basi anaongeza maji, anaongeza mbolea, na mmea unakufa mikononi mwake huku akiamini ameuhudumia.

Kwa maelezo yako hiyo huenda ni Phalaenopsis, jamii ya okidi inayouzwa zaidi madukani. Kwao ni misitu ya joto na unyevu ya Asia, nayo huishi juu ya matawi ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Mzizi wake umevikwa ganda jeupe lenye vitundu kama sifongo: mvua ikinyesha linafyonza, upepo ukipita linakauka. Ukiufukia kwenye udongo mzito na kumwagilia kila siku, unakosa hewa na kuoza. Mzizi uliooza haunywi. Ndiyo maana chungu kimelowa chapachapa na majani bado yamenywea.

Najua kuna atakayeniambia okidi za Kitulo, ile hifadhi ya maua ya Nyanda za Juu Kusini, mbona zinaota ardhini. Ni kweli, lakini zile ni aina nyingine kabisa, nyingi zina viazi chini ya udongo na zimezoea baridi ya nyanda za juu. Matunzo yao hayaihusu ya kwako.

Sasa kazi. Ng'oa mmea taratibu, loweka mizizi mpaka udongo uachie, suuza. Kisha ubonyeze mzizi mmoja mmoja kwa vidole. Ulio hai ni mgumu, mweupe au wa kijani. Uliokufa ni wa kahawia, unabonyea, na ukiuvuta ganda linavuka kama soksi, unabaki na uzi mwembamba. Kata yote iliyokufa kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, usiionee huruma. Kama kikonyo cha maua bado kipo, kikate nacho. Uache mmea juu ya gazeti kivulini hadi kesho yake, vidonda vikauke.

Chungu kiwe kidogo, cha kutosha mizizi iliyobaki tu, chenye matundu mengi chini. Kopo la plastiki linaloonyesha ndani ni zuri kuliko vyungu vya mapambo. Ndani tia vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa kidole gumba, vioshwe kwanza vumbi liishe, uchanganye na magome ya paina yaliyokatwakatwa. Magome ulizia kwa wenye mbao. Usikubali kupewa maranda, wala usitie chenga za mkaa: vyote vinashikana na kuziba hewa, utakuwa umerudi kwenye udongo ule ule.

Kumwagilia usifuate kalenda. Tazama mizizi kupitia lile kopo. Ikiwa na maji ni ya kijani, ikikauka inakuwa ya kijivu cha fedha. Ikishakuwa ya kijivu, mwagilia asubuhi mpaka maji yatoke chini, yachuruzike yote, usiache sahani imejaa. Kiangazi cha Julai huenda ikawa mara mbili kwa wiki, wakati wa mvua mara moja. Maji yakituama katikati ya majani, yafyonze kwa tishu, la sivyo kitovu nacho kitaoza na hapo hakuna la kufanya.

Ile kona ya sebule iache. Dirisha la mashariki ndilo bora, lipate jua la asubuhi. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa watu wa Ulaya, yanataja dirisha la kusini au la kaskazini kwa jua la kwao. Mwanza tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta: katikati ya mwaka jua linaingia kwa madirisha ya kaskazini, Desemba kwa ya kusini, kwa hiyo hayo yatakuchanganya. Jua kali la mchana linaunguza majani.

Mbolea subiri mpaka uone ncha mpya ya mzizi, ya kijani, inayong'aa. Yaweza kuchukua miezi. Hapo tumia mbolea ya maji yenye NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu), robo ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya wiki mbili. Urea ya shambani usiisogeze kabisa. Makunyanzi ya majani ya zamani huenda yasiishe, tazama jani jipya. Maua usiyadai mwaka huu. Mmea ukishapona, usiku wa baridi wa Juni hadi Agosti ndio huuchochea kutoa kikonyo.

Kuhusu kitunguu saumu na sukari sina la kusema zaidi ya kwamba sukari kwenye chungu inalisha ukungu na kuita sisimizi. Chupa za yule kijana ndizo zinazonitia wasiwasi, na si kwa okidi peke yake. Siku hizi kila mmea ukinyong'onyea, uwe mchicha, parachichi au ua la barazani, kuna mtu ana kichupa cha maji ya kunywa kilichojazwa kitu cha rangi, hakina jina wala kipimo, na hamna anayeangalia mizizi kwanza. Ndani inaweza kuwa mbolea, inaweza kuwa sumu ya wadudu, na inakaa sebuleni watoto wanapocheza. Hapa nchini mbolea husajiliwa na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, na viuatilifu na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na vyote huuzwa kwenye vifungashio vyenye lebo. Kijana akipita tena, mwambie akuonyeshe lebo na namba ya usajili. Akikosa, aondoke na chupa yake.