Sikukuu za kitaifa sio za kulala tu, someni kidogo kwanza

Vijana wa Mwanza kubishana siasa mnaweza, hilo nawapa. Nenda kijiwe chochote cha kahawa hapa Kirumba asubuhi utakuta watu washaanza, huyu chama hiki yule chama kile, meza inapigwa, afu ukiuliza kaswali kadogo tu ka historia kimya. Saba Saba iliyopita nilikaa na vijana wa bodaboda jirani na Mwaloni wanasubiri abiria wenye viroba vya dagaa, nikawauliza leo tunapumzika kwa ajili ya nini, mmoja akasema maonyesho ya biashara Dar, mwingine akasema mzee si siku ya kupumzika tu bhana. Sasa maonyesho yapo kweli, sio uongo, ila tarehe yenyewe ilitoka wapi? Hapo hakuna aliyenijibu na nilisikia vibaya sana.

7 Julai 1954 ndo TANU ilizaliwa, chama kilichopigania uhuru, watu 17 tu. Mmoja wao Saadani Abdu Kandoro, aliyekuwa akihangaika na siasa huku huku kwetu, wakati huo ikiitwa Jimbo la Ziwa, na alikuwa malenga, mashairi yake yamechapwa. Yaani mtu wa siasa na mtu wa vitabu alikuwa ni yule yule. Mkoloni akakataa kusajili matawi ya TANU Usukumani, miaka minne hivi mpaka 1958 chama kimepigwa marufuku, watu wakajibana kwenye ushirika wa pamba, ule wa Victoria Federation chini ya Paul Bomani, kwenye mizani ya pamba ndo siasa ilikuwa inaongelewa. Na 1958 hiyo hiyo watu wa Geita wakaandamana wakaja mpaka Mwanza mjini kukataa halmashauri ya mseto, yaani ya kuchanganya Waafrika, Wahindi na Wazungu, waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Leo kwenye njia hiyo ya Geita unavuka ziwa toka Kigongo kwenda Busisi juu ya daraja, dakika chache umefika, fikiria wale walivyokuja. Hayo yote yametokea hapa, kwenye barabara mnazopita kila siku, na kijana anayebishana siasa kutwa nzima hajawahi kuyasikia.

Ndo maana nasema sikukuu ya kitaifa bila kusoma ni mapumziko matupu. Nyama choma kuleni, hakuna anayewakataza, ila ule muziki wa baa unaoanza saa nne asubuhi mpaka mtu hasikii mwenzake anasema nini, huo mi siukubali na sitaukubali.

Kwangu tunafanya hivi. Sikukuu ikikaribia natafuta kitabu kinachohusika, asubuhi baada ya chai simu zinawekwa juu ya kabati, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza, ukurasa ukiisha anapokea mwingine. Hakuna mtihani. Swali likija tunasimama hapo hapo tunaongea, na mara nyingi kurasa zenyewe hazifiki hata kumi kwa maswali. Msichague kitabu kinene siku ya kwanza, watoto watakimbia, anzeni na kifupi chenye watu wanaoongea. Na msome kwa sauti, hapo nasisitiza, manake kila mtu akisoma kimya kimya kivyake ule ubishi mzuri haupatikani.

Krismasi huwa tunasoma cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kile cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mtu mke wake kachukuliwa na wazazi wake kwa sababu hawajapata mtoto na mwanamke anasimangwa na ndugu wa mume, basi jamaa anafunga safari kwenda ukweni kumwomba arudi, anatozwa pombe ya ndizi, na mwandishi anakueleza pombe yenyewe inavyotengenezwa hatua kwa hatua hadi unaisikia harufu. Nyumba nzima inagawanyika, wanawake upande wao wanaume upande wao, nani mwenye kosa. Mzee yule alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kukichapa, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili na kikatoka 1980, mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 kitabu kinasubiri! Na hiyo nayo ni siasa, nani anaamua lugha gani ichapwe na ya nani iachwe ioze kwenye sanduku, ila kijiweni sijawahi kuisikia ikibishaniwa.

Kampeni nazo zinanikera kwa namna yake. Waliowahi kwenda Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma kule Bujora mwezi wa sita, wanajua, vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanacheza kwa wakati mmoja na watazamaji ndo waamuzi, wakijazana kwako umeshinda, hata kama ni kwa sababu umeleta nyoka. Kwenye ngoma ni haki kabisa, naipenda. Tatizo tunaenda mkutano wa kampeni kwa macho yale yale, nani kajaza uwanja, nani kaleta msanii, mtu anarudi na kofia na fulana na hajui mgombea kasema nini kuhusu bei ya pamba au nyavu au maji ya bomba kule milimani. Ombeni ilani ng'wanawane, yaani mwanangu. Ni karatasi, inasomeka, kaa nayo na kalamu, pigia mstari kila ahadi yenye tarehe au kiasi, zile zisizo na tarehe ziache, afu hifadhi hiyo karatasi miaka mitano. Diwani akirudi unayo mkononi.

Vitabu msiniambie ni ghali. Maktaba ya mkoa ipo, na mjini wapo wanaotandika vitabu vya mitumba chini, ukiinama ukachambua taratibu hukosi.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya Mwalimu Nyerere, sisi tumeshachagua Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri mwenyewe ikatoka 1969 akiwa rais. Mjukuu wangu wa kike keshaomba asome sehemu za Shylock, yule mkopesha fedha wa kwenye tamthilia, na mdogo wake kanuna kwa sababu alikuwa anaitaka hiyo hiyo.