Fundi Sauti Anajibu: Linux, maiki na sauti inayochelewa

Mwezi huu nimeamua kuyapa nafasi maswali ya Linux, maana laptopu za mtumba zimejaa Kariakoo na watu wengi wakishanunua tu wanapiga Ubuntu humo, ambayo ni aina moja ya Linux. La kwanza nimelijibu kwa kirefu, mengine fasta fasta.

SWALI: Mkuu habari za majukumu. Mimi prodyuza chipukizi niko Mbagala Rangi Tatu, narekodi singeli na bongo fleva kidogo. Nina ThinkPad ya mtumba ram giga 8, nimeweka Ubuntu 24.04 na Ardour ya kurekodia, saundi kadi ya USB ya maiki mbili. Msanii akiimba anajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, anasema kama kuna mtu anamfuatisha nyuma. Nikashusha bafa mpaka 32, sauti ikaanza kukatakata na kukwaruza. Jamaa mmoja wa chuo kaniambia bila keneli ya rialtaimu sitoboi. Ni kweli?

JIBU: Salama mkuu. Keneli, yaani kiini cha Linux, iache kwanza, tutaifikia mwishoni na huenda hata usiihitaji.

Kompyuta haitumi sauti mfululizo, inakusanya fungu la sampuli kwanza ndo inalituma, hilo fungu ndo bafa. Ukiwa kwenye sampuli 48000 kwa sekunde, bafa ya 1024, ambayo ndo PipeWire, mtambo wa sauti wa Ubuntu, huanza nayo kama hujagusa kitu, ni milisekunde 21 na ushee, na hapo ni kuingia tu bado kutoka, jumlisha na muda wa saundi kadi yenyewe unajikuta kwenye 45 au 50 huko. Sasa singeli inakimbia biti 200 mpaka 300 kwa dakika. Kwenye 240 robo ya biti ni milisekunde 62 na nusu, yaani jamaa anajisikia karibu robo biti nyuma, hapo hata awe mkali kiasi gani lazima atoke nje ya biti na lawama zinakuja kwako.

Lakini kukimbilia 32 nako ni sifa tu. Bafa ya 128 ni milisekunde 2.7, ya 256 ni 5.3. Sauti ikitembea hewani inatumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo ukipata 10 kwenda na kurudi msanii ni kama kasimama mita tatu na kitu toka kwenye spika, hakuna anayelalamikia hiyo. Lengo lako liwe 128, ikigoma 256, na isikatike hata mara moja wimbo mzima. Namba ndogo inayokwaruza haina faida kwa mtu.

Kabla ya yote angalia kwenye hiyo saundi kadi, nyingi zina kitufe au nobu ya kumsikilizisha msanii moja kwa moja, sauti inatoka kwenye maiki inaenda kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Washa hiyo, kule kwenye Ardour zima asijisikie mara mbili, tatizo limeisha hata bafa ikiwa 1024. Najua utaniambia nini, wasanii wa siku hizi hawaimbi mpaka wasikie ototyuni kwenye masikio! Hapo kweli sauti lazima ipite kwenye kompyuta, na plagini yenyewe ya ototyuni inaongeza kuchelewa kwake juu ya bafa. Mimi huwa nawaambia waimbe kavu na rivabu kidogo, ototyuni tunaweka baadaye, ila wewe unawajua wateja wako.

Haya, tuje kwenye kuitengeneza. Ardour ikifunguka inakuuliza mfumo wa sauti, chagua ALSA, ile njia ya moja kwa moja mpaka kwenye saundi kadi, chagua hiyo saundi kadi, 48000, bafa 128, na vipindi, yaani idadi ya mafungu yanayopokezana, weka 3 badala ya 2, za USB nyingi zinatulia zaidi hivyo. Ukifanya hivi Ardour inaishika saundi kadi peke yake, kwa hiyo usishangae biti uliyoifungua kwenye brauza haisikiki. Kama unataka vyote vicheze pamoja basi pitia PipeWire, weka kifurushi cha pipewire-jack, anzisha kwa pw-jack ardour halafu kwenye ule mfumo wa sauti chagua JACK, na bafa unaibana kwa kuandika kwenye tamino, lile dirisha la kuandikia amri:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128

Ukimaliza kurekodi rudia hiyo hiyo ila mwisho weka 0, inarudi kawaida. Fungua na pw-top pembeni, kuna safu imeandikwa ERR, hiyo inahesabu kila sauti inapokatika. Msanii anaimba, wewe jicho hapo. Ikibaki ilivyo uko vizuri, ikipanda panda ndo unaanza kumtafuta mchawi.

Na mchawi mara nyingi ni umeme wa laptopu yenyewe. Linux ikiona kazi ndogo inashusha spidi ya prosesa kubana chaji, halafu fungu la sauti linakuja, prosesa inachelewa kuamka, sauti inakatika. Nenda kwenye menyu ya betri juu kulia chagua Performance, au andika powerprofilesctl set performance. Kisha joto. Huku kwetu Januari na Februari chumba kimefungwa, godoro ukutani, feni imezimwa isiingie kwenye maiki, ThinkPad ya miaka kumi vumbi limejaa ndani, prosesa ikichemka inajipunguza spidi yenyewe hata kama umeweka Performance. Ipeleke kwa fundi aifungue, asafishe na kubadilisha ile pesti ya prosesa, hela yake ndogo kuliko laptopu mpya. Wi-Fi zima wakati wa kurekodi, draiva zake zingine zinang'ang'ania prosesa. Saundi kadi chomeka kwenye laptopu moja kwa moja, usipitishe kwenye habu moja na mausi, flashi na simu inayochaji.

Bado inakatika? Ardour ikilalamika kwamba imekosa ruhusa ya memori au ya kipaumbele, jiweke kwenye kundi la audio kwa sudo usermod -aG audio $USER, halafu ndani ya /etc/security/limits.d tengeneza faili liitwe audio.conf lenye mistari miwili, @audio - rtprio 95 na @audio - memlock unlimited, kisha anzisha mashine upya.

Sasa ndo keneli. Jamaa yako hajadanganya, kazi ya rialtaimu, yaani kuifanya keneli iitikie kazi ya haraka kama sauti bila kuchelewa, ilikaa nje ya keneli rasmi miaka kama 20 ndo ikamalizika kuingizwa kwenye Linux 6.12, Novemba 2024. Ila kuingizwa siyo kuwashwa, keneli za kawaida za Ubuntu haziji nayo imewashwa. Kwako inatosha kufungua /etc/default/grub, kwenye ule mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya alama za nukuu uongeze preempt=full threadirqs, hizo zinaifanya keneli iwahi kuipisha kazi ya sauti, halafu sudo update-grub na kuwasha upya. Kwa 128 na maiki mbili sidhani kama utahitaji zaidi ya hapo.

SWALI: Shikamoo kaka. Sisi kwaya ya Kimara tunarekodi laivu kanisani maiki nane kwa Linux, sauti inakatika katikati ya wimbo na tumeshaweka bafa 64 kama tulivyoelekezwa.

JIBU: Marahaba dada. Aliyewaelekeza alikuwa anawaza studio ya mtu mmoja. Kwaya mnasikiana wenyewe, spika za kanisa zinapitia kwenye miksa, hakuna anayejisikia kupitia kompyuta, sasa bafa ndogo ya nini? Wekeni 1024 au hata 2048, mtarekodi ibada nzima bila kukatika.

SWALI: Fundi, biti zangu zote nazitengeneza kwa FL Studio. Nikihamia Linux itakuwaje? Wa Tandale.

JIBU: FL Studio haina toleo la Linux, unaipitisha kwenye Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, na ili bafa ishuke vizuri unaongeza wineasio, draiva ya sauti ya Wine. Inafanya kazi, ila plagini moja ikigoma unapoteza jioni nzima. Kama wateja wanasubiri mimi ningebaki na Windows kwa biti, natoa kila ala faili lake la WAV, vokali na kumiksi ndo vifanyike Linux kwa Ardour au REAPER.

SWALI: Nikichomeka chaja maiki inaunguruma mmmmm, nikichomoa inaacha. Linux ina shida?

JIBU: Hapana, hiyo ni ethi, yaani waya wa umeme unaoenda ardhini. Angalia adapta na ekstensheni unazotumia, nyingi za mtaani ile pini ya tatu haijaunganishwa na kitu, na nyumba nyingine ethi haipo kabisa, muite fundi umeme. Usithubutu kuikata pini ya ethi kama wanavyofanya wengine. Kwa leo rekodi kwa betri, ila ukichomoa chaja Ubuntu inaweza kurudi kwenye kubana umeme, kwa hiyo hakikisha Performance bado ipo kabla msanii hajaanza.