Nanyonyesha, je nifunge Kwaresima?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo padri. Nina mtoto wa miezi mitatu na bado nanyonyesha. Kwenye jumuiya yetu wananiambia nisipofunga kila siku mpaka jioni Kwaresima yangu haina maana, nikijaribu maziwa yanapungua na kizunguzungu juu. Nifanyeje?
Mama K, Mbeya

JIBU: Milele amina mama, na hongera sana kwa mtoto. Kwanza kula, tena ushibe. Kanisa linadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hata hapo unakula mlo mmoja kamili na kidogo asubuhi na jioni, sheria inawabana wenye miaka 18 mpaka wanapotimiza 59, ila wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha kama wewe haiwabani. Wanaofunga siku zote 40 wanafanya vizuri lakini ni hiari yao, kumtwisha mzazi mzigo ambao Kanisa lenyewe halijamtwisha kwa kweli inaniuma.

Halafu Yesu kwenye Matayo 6 anataja na sala na sadaka, sio kufunga peke yake. Kama Ijumaa huwezi kufika kanisani kwa Njia ya Msalaba isali hapo hapo kitandani mtoto akinyonya, hata kituo kimoja kimoja. Hela ya soda au bando mpelekee jirani mwenye shida. Na kitubio usisubiri foleni ya Juma Kuu, ongea na paroko mapema akupangie muda.