Kabla na Baada ya Mwanga: Ushauri kwa Anayetaka Kutibiwa Ngozi ya Uso

Doa lililonipeleka kutibiwa lilikuwa dogo kuliko punje ya dengu, na doa nililobaki nalo wiki tatu baadaye lilikuwa pana kama kidole gumba. Kati ya hayo mawili palikuwa na kikao kimoja cha kutibiwa kwa mwanga wa mashine, kisichozidi dakika kumi na tano, kilichofanywa na mhudumu mpole ambaye hakuniuliza lolote kuhusu ngozi yangu isipokuwa kama nina mzio. Simlaumu peke yake, kwa kuwa sehemu ya kosa ilikuwa yangu, nayo niliitenda nyumbani siku ya nne, nilipodhani kwamba uso ukishaacha kuwaka moto basi matibabu yamekwisha.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwanga hautambui doa, bali hutambua rangi. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hunyonya mwanga, ikapata joto, na joto hilo ndilo huivunja. Msingi huu wa kuchagua urefu wa wimbi unaonyonywa na kitu kimoja zaidi ya vingine ulielezwa na madaktari wa ngozi wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, mwaka 1983, na leza nyingi za ngozi bado huufuata. Tatizo ni kwamba ngozi ya kahawia iliyokoza, kama yangu, ina melanini nyingi katika tabaka lote la juu, si ndani ya doa pekee, kwa hiyo mwanga uliokusudiwa doa huishia kuchoma na jirani zake. Ngozi iliyochomwa nayo hujitetea kwa kutengeneza melanini zaidi. Kwa maneno mengine, joto lile lile linaloondoa doa laweza kuzaa jingine kubwa kuliko la kwanza.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mhudumu ni mashine yake hutoa mwanga wa namna gani. Mashine za IPL si leza, bali hutoa mapigo ya mwanga wenye mawimbi mengi kwa pamoja, takriban kati ya nanomita 500 na 1200 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi), na kwa ngozi nyeusi hatari yake ya kuchoma ni kubwa. Leza ya Nd:YAG yenye nanomita 1064 hainyonywi sana na melanini na hupenya chini zaidi, kwa hiyo kwa kawaida ni salama zaidi kwetu, ingawa nayo katika mikono mibaya huunguza. Mhudumu anayejua kazi atakupima kwa kipimo cha Fitzpatrick, ambacho leo kina daraja sita kuanzia ngozi nyeupe sana hadi nyeusi sana, kisha atafanya jaribio kwenye sehemu ndogo, chini ya taya au karibu na sikio. Jaribio hilo halisomwi siku ile ile, kwa sababu weusi unaofuata jeraha huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Akikuambia apige mwanga uso mzima siku hiyo hiyo kwa kuwa umeshafika, ondoka.

Naye anapaswa kukuuliza mengi. Je, umechomwa na jua katika wiki nne zilizopita? Unatumia dawa zinazoifanya ngozi iogope mwanga, kama antibiotiki ya doksisiklini, au isotretinoini ya vidonge, dawa ya chunusi ambayo kwa leza zinazochuna ngozi madaktari wengi hutaka iachwe kwa miezi kadhaa kwanza? Umewahi kutokwa na malengelenge ya homa mdomoni? Joto huweza kuyaamsha, na dawa ya kuyazuia hutolewa mapema. Umepaka krimu za kung'arisha ngozi? Alama yoyote nyeusi ambayo daktari wa ngozi hajaitambua isiguswe kabisa, kwa kuwa kufuta rangi ya saratani hakuifuti saratani yenyewe. Wanaume nao wajue kwamba mwanga ukipita penye ndevu, ndevu zinaweza kupungua na zisirudi.

Kuhusu macho sina subira na uzembe. Kufumba macho si kinga, kwa sababu kope ni nyembamba na mwanga huzipita. Miwani ya kinga lazima ilingane na urefu wa wimbi wa mashine inayotumika, na mhudumu pia avae ya kwake. Kazi inayofanyika juu ya kope zenyewe huhitaji ngao za chuma zinazowekwa chini ya kope na daktari. Mimi nilipewa pamba mbili na utepe.

Sasa turudi kwenye siku ya nne. Nilipaka krimu yangu ya retinoli, aina ya vitamini A, kama kawaida, kisha nikatembea juani mchana bila kinga yoyote, nikijiambia kwamba ngozi nyeusi haiungui. Siku mbili zilizofuata niliona shavuni umbo la mstatili, lenye kona kabisa, sawa na kichwa cha mashine.

Hivi ndivyo ningefanya. Saa za mwanzo, kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika kumi kumi, wala si barafu juu ya ngozi. Kuosha uso kwa maji ya uvuguvugu na kisafishaji kisicho na harufu, kisha krimu ya kulainisha isiyo na manukato. Penye ngozi iliyochunwa, mafuta ya mgando kwa wingi hadi ijifunge. Mazoezi mazito na bafu la mvuke viachwe kwa siku mbili, na retinoli, asidi na visugulio kwa wiki nzima au zaidi. Madoa yaliyolengwa huweza kukoza rangi kama machicha ya kahawa na kubanduka yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Atakayeyabandua kwa ukucha anajitafutia kovu. Kinga ya jua iwe na SPF 30 au zaidi, irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na ipakwe hata ukiwa ndani karibu na dirisha, kwa kuwa miale ya jua iitwayo UVA hupenya kioo. Kwa ngozi nyeusi ichaguliwe yenye rangi, iliyo na oksidi ya chuma, maana mwanga unaoonekana nao hutuongezea weusi.

Malengelenge, maumivu yanayozidi baada ya siku ya pili, usaha, homa au ukungu machoni havingoji miadi ijayo. Daktari atafutwe siku hiyo hiyo. Barakoa za taa za LED za nyumbani ni dhaifu zaidi, lakini mwenye melasma, yaani mabaka ya kahawia usoni, awe mwangalifu na taa ya buluu.

Mstatili wangu ulichukua miezi kumi kufifia. Nilipoamua kujaribu tena, kwa daktari wa ngozi safari hii, alinipiga mapigo matatu tu chini ya sikio, akazima mashine, akaniambia nirudi baada ya wiki sita.