Profoma tatu, mwandiko mmoja

SWALI: Mhariri, mimi ni mtunza stoo wa asasi ndogo mkoani Singida inayoendeshwa kwa ruzuku ya mfadhili wa nje. Siku moja kabla ya mkataba wa ruzuku kusainiwa, tuliitwa ofisini tutie saini kanuni za maadili, na ukurasa wa nne ulikuwa bado na jina la asasi nyingine. Mwezi uliopita tulinunua mbegu za alizeti kwa shemeji yake mratibu. Profoma (hati za bei kutoka kwa wauzaji) zilikuwa tatu, lakini zote zina mwandiko mmoja, na zote zimeandika “mifiko” badala ya “mifuko”. Je, hilo ni kosa? Na nikisema, nitabaki kazini?
Msomaji, Singida

JIBU: Ndugu msomaji, undugu peke yake si kosa. Penye wauza mbegu watatu au wanne tu, ni vigumu kununua bila kumgusa ndugu wa mtu, na sera nzuri ya mgongano wa maslahi hailikatazi jambo hilo. Inamtaka mratibu autangaze uhusiano kwa maandishi kabla bei hazijafunguliwa, akae kando wengine waamue, na muhtasari wa kikao uoneshe kwamba alitoka. Hapo shemeji anaweza kushinda kwa haki. Zito ni hilo la mwandiko, kwa kuwa linaashiria kwamba ushindani wa bei uliigizwa, na huo ni udanganyifu hata kama mbegu zilifika zote na zikaota vizuri.

Usianze kwa kumkabili mratibu, wala usibebe nyaraka za ofisi kwenda nazo nyumbani. Andika tarehe, namba za hati za malipo, na uzito wa mifuko uliyoipokea kwa mujibu wa leja yako. Ngazi ya kwanza ni mwenyekiti wa bodi, isipokuwa kama naye ni mtu wa mratibu (bodi nyingi ndogo ni vikao vya ukoo). Ikiwa ndivyo, mwandikie mfadhili. Mikataba mingi ya ruzuku hutaja anwani ya kupokelea taarifa za namna hii. Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake anao mratibu, liache lilivyo.

Kuhusu kazi, Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, ikiwemo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ambayo hupokea simu bila malipo kwa namba 113. Usitegemee ulinzi huo ukisambaza habari kwenye kundi la WhatsApp. Sitakudanganya kwamba sheria itamzuia mratibu kukununia, kwa hiyo tunza nakala ya barua yako ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Na ule ukurasa wa nne usikutie shaka. Ikiwa mratibu naye alizitia saini kanuni hizo na mfadhili akakabidhiwa kuwa ni zenu, hawezi leo kudai kwamba hazimhusu.